Sura Isiyo na Jina

Kwa miaka mingi, katika chuo cha ualimu nilikofundisha, niliwaambia wanachuo kwamba kichwa cha sura katika riwaya ni pambo tu, namba yatosha. Aliyenisahihisha ni mzee mmoja wa Wilaya ya Serengeti.

Nilimwomba anisimulie habari za mababu zake, nami nikamtaka aanze kwa kutaja mwaka. Hakutaja. Alianza na njaa kuu ya miaka ya 1890, ambayo wenyeji huikumbuka kama Njaa ya Miguu, kwa kuwa watu walikwenda kwa miguu hadi Usukuma kutafuta chakula. Nilitafakari jina hilo siku nyingi. Halitaji ukame wala idadi ya waliokufa. Limechagua miguu, na msikilizaji akaiona njia. Asiyekijua kisa huuliza, "Kwa nini miguu?" Akijuaye hukumbuka chote.

Kichwa cha sura nacho hufanya kazi hiyo. Tazameni riwaya ya Stevenson ya mwaka 1883, tuliyoisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Katika maandishi yake ya asili, kila moja ya sura 34 ina jina. Sura ya 11 inatangaza kwamba kijana amesikia jambo akiwa ndani ya pipa la matofaa. Ni jambo gani, haisemi. Msomaji hana budi kufunua ukurasa. Na miaka ishirini baadaye, pipa lile ndilo atakalolikumbuka, si namba 11.

Yapo majina mabaya pia. Mwandishi anayeiita sura yake "Kifo cha Baba" amekwisha mzika baba kabla msomaji hajampenda. Jina jema huonyesha mlango, lisiseme kilichomo chumbani.

Basi, mwalimu usomaye haya, chukua riwaya yenye namba tupu, uwaambie wanafunzi wako waipe kila sura jina, kisha watetee chaguo lao. Utamtambua upesi aliyesoma na aliyepitisha macho tu.

Nami nasema haya kwa kuchelewa. Walimu niliowafunza wametawanyika Tarime, Serengeti na kwingineko, na wengine wangali wakifundisha kwamba namba yatosha. Kosa langu nalo lina miguu.