Kuba za Bwana Sinclair



Atokaye Chwaka kwenda mjini hupita Dunga, kisha Amani, na huuingia mji kwa upande wa Ng'ambo. Hazioni kuba kwanza. Huona mabati, maduka, watu wengi na majumba marefu ya Michenzani, na ndipo afike Darajani, ambako leo hakuna daraja, akajikuta mbele ya Mji Mkongwe. Lakini watalii wanaoonyeshwa mji huanza upande wa pili, wakitazama majengo meupe yenye kuba na matao, na wengi huondoka wakiamini kwamba wameona kazi ya kale ya Waarabu au ya Waswahili. Baadhi ya majengo hayo yalichorwa na Mwingereza mmoja, John Houston Sinclair, naye ndiye ninayetaka kumzungumzia juma hili, kwa kuwa nimeulizwa na vijana wa Chwaka ni nani aliyeijenga Mahakama Kuu.

Sinclair alizaliwa mwaka 1871, akalelewa na kusomeshwa katika Uingereza ya Malkia Victoria, na alikuja Unguja katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mji aliofika ulikuwa bado na majeraha. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Sultani kwa muda usiofika saa moja, ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitwalia kiti cha enzi bila ridhaa yao. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa ndani na kando ya kasri, na Beit al-Hukm ikawa kifusi. Tangu mwaka 1890 nchi ilikuwa chini ya himaya ya Kiingereza, lakini baada ya siku ile hapakuwa na aliyebaki na shaka nani mwenye amri. Serikali ya namna hiyo huhitaji nyumba: ya kukaa mkubwa wake, ya kuhukumia, ya kupokelea barua. Sinclair, kijana mwenye elimu ya usanifu majengo, alijikuta mahali panapomhitaji.

Makazi ya mwakilishi wa Uingereza, ambayo leo ni Ikulu, yalijengwa kwa mchoro wake mnamo mwaka 1903. Ikafuata Mahakama Kuu, iliyojengwa kati ya mwaka 1904 na 1908, na Posta ya Shangani katika miaka hiyo hiyo. Baadaye, pale Mnazi Mmoja, lilisimama jengo ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote aliyoyafanya, yaani Beit al-Amani, jumba la makumbusho lenye pande sita na kuba kubwa juu yake, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Ndivyo vita ambavyo wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wakiwa wamebeba mizigo ya wengine. Mtu akisimama chini ya kuba ile hahisi lolote la vita. Ni jengo jeupe, la ukimya, na sioni haya kukiri kwamba hunivutia.

Mtindo huo Waingereza waliuita wa Kisaraseni. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ya kigeni isijenge kama London, bali ijenge kwa adabu ya mahali. Hoja nzuri, ila swali ni mahali gani. Mafundi wa Unguja hawakuwa na desturi ya kuba. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107, hauna kuba, na misikiti mingi ya kale ya Unguja haikuwa na kuba wala mnara. Kuba zilizokuwapo zilikuwa hasa za mabafu, kama yale ya Kidichi ya zama za Sayyid Said. Nyumba ya mjini ilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, uso mkavu usio na pambo isipokuwa mlango, na paa la bapa lililolazwa juu ya boriti. Wazee wa Chwaka wanaijua vyema miti ya mikoko. Boriti haina urefu wa kupita kiasi, kwa hiyo chumba nacho hakipanuki. Hujengwa kirefu na chembamba, upana wa mita tatu hivi. Mkoko ndio uliokuwa msanifu wa kwanza wa mji huu. Sinclair alichukua kuba na matao kutoka Istanbul, Moroko na kwingineko, akavivisha Unguja vazi ambalo wenyeji wenyewe hawakuwa wamelishona.

Simlaumu kwa kuchanganya. Sultani Barghash mwenyewe alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 alitumia nguzo za chuma kutoka ng'ambo ya bahari, na kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, ambamo Misa ya kwanza iliadhimishwa Krismasi ya mwaka 1898, linafanana na Ufaransa kuliko na Shangani. Sinclair aliipeleka kuba yake hata kanisani: Kanisa Kuu la Waanglikana la Mombasa, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na wenzake, ni mchoro wake, na mgeni akiliona kwa mbali huweza kulidhania msikiti. Mimi naona hapo mtu aliyeupenda kweli ulimwengu wa Kiislamu, angalau umbo lake.

Lakini mwaka 1922 Sinclair akawa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, mwenye madaraka makubwa kuliko yeyote visiwani. Mchora majengo sasa alikuwa mkuu wa nchi. Ni katika wakati wake ndipo Henry Vaughan Lanchester, msanifu aliyejulikana kwa jumba la jiji la Cardiff, alipoitwa kutengeneza mpango wa mji, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1923. Hapo ningetarajia jicho la Sinclair livuke hori la Darajani, ule mkono wa bahari uliokuwa ukitenga mji wa mawe na Ng'ambo. Ng'ambo waliishi wengi wa watu wa mji: waliokuwa watumwa na watoto wao, wachukuzi wa bandarini, wafanyakazi wa karafuu, watu wa mashamba waliohamia. Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti. Mpango ulizungumza kwa kirefu juu ya bandari, barabara na uzuri wa mji wa mawe. Ng'ambo ilipata sehemu ndogo, na hori likatazamwa kama nafasi wazi ya kutenganisha pande mbili. Sehemu kubwa ya mpango ilibaki karatasini. Bandari ilipata fedha.

Kilichofuata hakikuchorwa na msanifu yeyote. Mwaka 1928, Sinclair akiwa ameshaondoka, wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao. Wengine walifungwa, na umati ukaenda kuwatoa. Serikali iliyokuwa na mahakama nzuri yenye kuba ililazimika kusikiliza maneno ya watu ambao ramani yake iliwapitia pembeni.

Wapangaji wa baada ya Mapinduzi ya 1964 waligeuza mambo, wakaanza na Ng'ambo, nao wakabomoa nyumba nyingi ili majumba ya Michenzani yapite. Hilo ni andiko la juma jingine. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo hadi katikati ya karne ya 20, maji yakaondoka na jina likabaki. Kwa miaka mingi daladala za Chwaka ziliteremsha abiria ng'ambo ya pale yalipokuwa maji, na mwenye shauri mahakamani alivuka barabara na kwenda kwa miguu hadi Vuga, kwenye kuba ya Bwana Sinclair.