Nani Mwenye Ukumbi? Somo la Ouagadougou katika Historia ya Sinema

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuuliza maswali matatu: nani anamiliki ardhi, nani anamiliki kiwanda, nani anamiliki benki. Swali la nne halitokei mara nyingi: nani anamiliki ukumbi wa sinema? Wengi wetu huihesabu sinema kuwa starehe ya mwisho wa juma, jambo lisilostahili muda wa kada. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa fikra hiyo ni kosa, na kwamba wakoloni hawakuwa nalo. Wao walijua mapema kuwa mwenye kuchagua picha itakayoonekana gizani ndiye anayechagua mambo yatakayozungumzwa mchana.

Tamasha ni siasa

Watu husema kwamba tamasha la filamu ni uwanja wa sanaa tupu. Historia haikubaliani nao. Tamasha la Venice, lililo kongwe kuliko yote makubwa, lilianza 1932 wakati Italia ikiwa chini ya mafashisti, na zawadi yake kuu ikaja kuitwa Kombe la Mussolini. Mwaka 1938 kombe hilo lilikwenda kwa filamu ya Olympia ya Leni Riefenstahl, mwongozaji aliyetukuza utawala wa Hitler, pamoja na filamu ya Kiitalia iliyosimamiwa na mtoto wa Mussolini mwenyewe. Wafaransa, wakiungwa mkono na Waingereza na Wamarekani, wakaamua kuanzisha tamasha lao mjini Cannes. Lilipangwa kufunguliwa tarehe 1 Septemba 1939, siku ile ile majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Poland. Likaahirishwa, na halikufanyika kwa ukamilifu hadi 1946.

Baada ya vita mambo yaliendelea vivyo hivyo. Tamasha la Berlin lilianzishwa 1951 katika sehemu ya magharibi ya mji uliogawanyika, kwa msukumo wa utawala wa Kimarekani uliokuwapo pale. Umoja wa Kisovieti ulianzisha la Moscow 1959, na 1968 ukafungua Tashkent tamasha la filamu za Asia na Afrika. Basi kila tamasha lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana shabaha yake. Swali kwa Mwafrika lilikuwa hili: je, sisi tutabaki wageni waalikwa katika karamu za watu, au tutakuwa na nyumba yetu?

Mkoloni na kamera

Ili tulielewe jibu, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 1934 Serikali ya Ufaransa ilitoa amri inayojulikana kwa jina la Waziri wa Makoloni wa wakati ule, Pierre Laval. Kwa amri hiyo mtu hakuruhusiwa kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika mpaka apate kibali cha mtawala, na mtawala alikuwa na haki ya kukagua maandishi ya filamu na watu watakaohusika. Mfaransa René Vautier alipopiga filamu ya Afrique 50 akionyesha ukatili wa wakoloni, alitiwa gerezani, na filamu yake ikapigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 40. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipozuiwa kupiga filamu katika Afrika, waligeuza kamera upande wa pili: 1955 wakatengeneza Afrique-sur-Seine, kuhusu maisha ya Waafrika katika mji wa Paris.

Mwingereza alitumia njia nyingine. Hapa kwetu, katika Vugiri kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, juu ya kilimo, afya na kuweka akiba, na maelezo yake yakawekwa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Waafrika walicheza na kusaidia kazi, lakini hawakuamua lipi lisemwe. Baadaye kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoanzishwa 1939, kilishikilia nadharia ya William Sellers kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha ya kawaida, hivyo atengenezewe filamu ya polepole, isiyo na mabadiliko ya haraka. Mfaransa alimfungia Mwafrika mlango. Mwingereza alimfungulia akamkalisha benchi la watoto.

Kuli aliyeshika kamera

Ousmane Sembène alizaliwa 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Baada ya vita alifanya kazi ya kuli bandarini Marseille, akawa mwanachama wa chama cha wafanyakazi na wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Aliandika riwaya kwa Kifaransa, na moja yao, iliyotoka 1960, inahusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger. Lakini alipozunguka Afrika baada ya uhuru aliona jambo lililomsumbua: makuli na wakulima aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Akiwa karibu na umri wa miaka 40 akaenda Moscow kujifunza sinema, kwa kuwa aliiona kuwa shule ya jioni ya umma.

Filamu yake Borom Sarret, ya 1963, ina urefu wa dakika zipatazo 20 tu. Mwendesha mkokoteni wa Dakar anambeba abiria mpaka mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Anapokonywa mkokoteni, na askari anaikanyaga medali yake ya vita. Hakuna hotuba ndani yake, lakini atakayeitazama ataelewa bendera mpya imebadilisha nini na haikubadilisha nini. Mwaka 1966 ikafuata La Noire de..., juu ya msichana Diouana anayechukuliwa kutoka Dakar kwenda kuwa mtumishi wa ndani Ufaransa, akafungiwa jikoni hadi anajiua. Ilipata zawadi ya Jean Vigo Ufaransa, na mwaka huo huo Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, lililoanzishwa Tunisia na Tahar Cheriaa.

Kisha ikaja Mandabi, 1968, iliyozungumzwa kwa Kiwolofu. Mzee Ibrahima Dieng, asiye na kazi, anatumiwa na mpwa wake anayefagia barabara za Paris hawala ya posta ya faranga 25,000. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ndiyo yake. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe asiyoijua. Majirani wanakuja kukopa fedha ambazo hazijapatikana, na mwisho jamaa yake msomi anazitia mfukoni.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu hii katika kozi ya viongozi wa matawi. Mwanzoni darasa zima lilikuwa likicheka kila mzee aliporudishwa dirishani. Ilipomalizika hapakuwa na kicheko. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima, akasimama akasema: "Mwalimu, huyu ni baba yangu alipokuwa akifuatilia mafao yake. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa ndani ya dirisha, katika ofisi nyingine." Tangu siku hiyo sijapata muhtasari mzuri kuliko huo kuhusu urasimu.

Ouagadougou, 1969 na 1970

Sasa tufike kwenye kiini. Filamu hizi zilisifiwa Ulaya, lakini mwananchi wa Dakar, Bamako au Niamey aliziona kwa shida. Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, zilishika usambazaji na kumbi katika nchi zipatazo 14 zilizokuwa makoloni ya Ufaransa. Zilileta filamu za Marekani, Ufaransa, India na Misri zilizokwisha kurudisha gharama zake kwingine, kwa hiyo filamu ya Mwafrika kwao ilikuwa usumbufu. Zawadi ilikuwa Ulaya, na funguo za ukumbi zilikuwa mfukoni mwa mgeni.

Februari 1969 wapenzi wa sinema wa Volta ya Juu, nchi iitwayo Burkina Faso tangu 1984, waliandaa wiki ya filamu za Kiafrika mjini Ouagadougou. Kamati iliongozwa na mama, Alimata Salembéré. Nchi tano za Afrika zilishiriki. Na tazameni mkinzano: maonyesho yenyewe yalifanyika katika kituo cha utamaduni cha Wafaransa. Watu walijaa, wakawaona kwa mara ya kwanza watu wanaofanana nao wakiwa wakubwa ukutani.

Januari 1970, baada ya mzozo na kampuni hizo kuhusu bei za tiketi, Serikali ya Jenerali Sangoulé Lamizana ilizitaifisha kumbi za sinema. Zilikuwa sita tu. Likaundwa shirika la umma la kuziendesha, na asilimia 15 ya mapato ya tiketi ikatengwa kwa ajili ya mfuko wa kutengeneza filamu. Kwa mfuko huo filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo ikawezekana. Mwaka 1972 tamasha likawa chombo cha kudumu kiitwacho FESPACO, na zawadi yake kuu, Farasi wa Yennenga, ikatolewa kwa mara ya kwanza kwa Oumarou Ganda wa Niger. Huyu Ganda alikuwa amewahi kupigwa picha na Mfaransa Jean Rouch kama kibarua wa Abidjan. Aliyekuwa akitazamwa sasa alikuwa mtazamaji, na mwamuzi wa kipi kionekane.

Lakini tusidanganyane. Kampuni zilijibu kwa kuinyima nchi hiyo filamu, na Serikali ikalazimika kukubaliana nazo ziendelee kuleta. Hilo ni somo la kwanza: kutaifisha jengo bila kumiliki njia ya kuleta na kusambaza filamu ni kuchukua ghala na kumwachia mwingine shamba. Nchi moja maskini yenye kumbi sita haiwezi kushinda peke yake. Ndiyo maana watengeneza filamu waliungana katika shirikisho lao, FEPACI, na nchi 14 zikakubaliana kuunda shirika la pamoja la usambazaji, CIDC, lenye makao Ouagadougou. Lilianza kazi kwa dhati mwishoni mwa miaka ya sabini. Kabla ya miaka ya themanini kwisha lilikuwa limekufa.

Makosa yetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuwatupia mabeberu lawama yote. Mkufunzi anayefanya hivyo anawadanganya wanafunzi wake. CIDC ilikosa nguvu kwa sababu, pamoja na mengine, serikali zilizoiunda hazikuitimizia wajibu wake. Shirika la sinema la Burkina Faso nalo lilisambaratika mwanzoni mwa karne hii.

Liko na kosa jingine, linalouma zaidi. Sembène alipotengeneza Ceddo, 1977, aliyeizuia hakuwa Laval. Ilikuwa Serikali huru ya Senegali, kwa hoja kwamba jina la filamu liliandikwa kwa "d" mbili badala ya moja. Filamu yake ya Xala, inayowacheka matajiri wapya waliorithi viti vya wakoloni, ilionyeshwa nchini mwake ikiwa imekatwa vipande. Somo la pili, basi: ukumbi wa umma ambao mtawala peke yake ndiye anayechagua picha umebadilisha mwenye funguo tu. Umma bado uko nje. Chama cha wafanyakazi na wakulima kinachoogopa picha ya mwendesha mkokoteni kina jambo la kujiuliza.

Hali ya leo

FESPACO imedumu. Thomas Sankara aliipa nguvu kubwa kabla hajauawa Oktoba 1987, na imeendelea baada yake. Mwaka 2025 Farasi wa Yennenga alikwenda kwa Dani Kouyaté, mwana wa Burkina Faso, kwa filamu Katanga. Siku chache kabla ya tamasha hilo alifariki Souleymane Cissé wa Mali, aliyekuwa aongoze jopo la waamuzi. Mwaka huo huo alifariki Mohammed Lakhdar-Hamina wa Aljeria, ambaye 1975 alishinda Cannes. Katika miaka 50 iliyofuata hakuna filamu nyingine ya nchi ya Afrika iliyopata zawadi hiyo kuu.

Wakati huo huo ukumbi umehamia kwenye simu, na wenye funguo mpya ni kampuni chache za ng'ambo. Sisi tunalo tamasha la Zanzibar tangu 1998, nalo ni jambo la kujivunia. Lakini nenda jioni katika vibanda umiza vya mitaani. Vijana wamebanana kwenye benchi, wanatazama filamu ya kigeni inayosimuliwa juu yake kwa Kiswahili. Kiu ya kuelezwa kwa lugha yao ndiyo ile aliyoiona Sembène. Kilichokosekana ni maji ya kisima chetu.

Chama kina kumbi katika wilaya nyingi. Mara nyingi hukodishwa kwa harusi, na hakuna ubaya. Napendekeza kwamba jioni moja kila mwezi ukumbi wa namna hiyo uonyeshe filamu ya Kiafrika, kwa kiingilio ambacho kibarua anakimudu, na sehemu ya kiingilio iwekwe kwa vijana wa wilaya wanaotengeneza filamu zao, kama ilivyofanywa Ouagadougou. Kisha taa ziwashwe, watu wazungumze, na viongozi wakae wasikilize, hata kama mzee atakayesimama atakuwa na jambo la kusema kuhusu dirisha la ofisi zao.