Moteli: Jina Lililofupishwa na Kibao

Los Angeles hadi San Francisco, kwa magari na barabara za miaka ya 1920, zilikuwa siku mbili njiani. Dereva alikuwa na mawili ya kuchagua: apige hema kwenye kambi ya magari, au aingie hoteli ya mjini na vumbi lake, apite mapokezi mbele ya watu waliovaa suti.

Msanifu majengo Arthur Heineman alimwona mteja huyo. Desemba 12, 1925 alimfungulia malazi San Luis Obispo, karibu nusu ya safari: vijumba vyenye bafu, na gari linalala jirani na mwenyewe. Bei ilianzia dola 1.25 kwa usiku. Alitaka kupaita Milestone Motor Hotel, lakini maneno hayo yalikuwa marefu mno kwa kibao. Akayabana yakawa “Mo-Tel”. Hakufanikiwa kulimiliki jina hilo peke yake. Wenye malazi wengine wa barabarani wakalichukua, na ndoto yake ya kujenga mlolongo wa moteli 18 ikaishia njiani.

Lakini urahisi huo haukuwa wa kila mwenye gari, na hapa ndipo historia ya moteli inapouma. Mmarekani mweusi aliweza kuwa na gari zuri na pesa mfukoni, akaambiwa hakuna chumba, usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma. Ndiyo maana mwaka 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa posta wa Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo cha kuwaonyesha wasafiri weusi wenzake mahali watakapopokewa.

Julai 2, 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyokataza ubaguzi huo. Siku hiyohiyo mwenye Heart of Atlanta, moteli ya vyumba 216 mjini Atlanta, akakimbilia mahakamani kutetea haki ya kuchagua wageni wake. Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji wote tisa kwa kauli moja. Moteli yake ilikuwa kando ya barabara kuu, ikijitangaza nchi nzima, na wageni wake kama robo tatu walitoka nje ya jimbo la Georgia. Hiyo ni biashara kati ya majimbo, na Katiba inalipatia Bunge la Marekani mamlaka juu yake. Barabara iliyomletea wateja ndiyo iliyomfanya ashindwe kesi.