Ua la Mgomba na Mbegu Zilizokosekana

Ndugu mkulima, chukua ndizi moja mbivu uikate katikati kwa kisu. Utaona vidoa vidogo vyeusi vimejipanga ndani ya nyama yake. Watoto huvimeza bila kuuliza, na sisi wakubwa pia hatuulizi. Vidoa hivyo vilikuwa viwe mbegu, lakini havikufika. Habari ya kwa nini havikufika ni ndefu, na inakuhusu wewe uliye Butiama mwenye migomba michache nyuma ya nyumba, na wenzako wa Musoma na Bunda.

Tuanze na mazao unayoyajua vizuri zaidi. Mkulima wa Bunda amezoea pamba. Kila msimu hupanda mbegu, na mbegu hiyo ina historia yake. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilipandisha pamba kwa pamba miaka mingi, hadi zikapatikana aina zenye vinyweleo kwenye majani ambavyo huwasumbua wadudu warukao wanaofyonza. Ndiyo maana pamba yetu ikaitwa UK 77, UK 91 na kadhalika. Hizo herufi UK ni za Ukiriguru, si za Uingereza kama wengine wanavyodhani.

Mkulima wa Musoma naye ana muhogo. Muhogo hupandwa kwa kijiti, lakini ukiuacha utatoa maua na mbegu. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, kule Usambara, waliweza kuuchanganya na mimea ya porini iliyo jamaa yake ili kupata mihogo inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia.

Mgomba je? Mgomba ulikaa kando ya habari hiyo yote. Hauna mbegu, basi utauchanganya vipi?

Tazama ua lake linavyofunguka. Safu za kwanza ni maua ya kike, nayo ndiyo yanayokuwa chane. Baada ya hapo huning'inia lile fundo jekundu lenye maua ya kiume, tunaloliita ua dume. Nyuki hulifuata kwa ajili ya asali yake. Sasa linganisha na boga. Nyuki asipopeleka unga wa maua kwenye ua la kike la boga, kitoto kile hunyauka na kuanguka. Gunzi la mhindi lisipopata unga hutoka na mapengo. Ndizi haijali. Hujaza nyama yenyewe hata kama hakuna nyuki aliyeigusa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Migomba ya mwituni ipo mpaka leo huko Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya. Ndege na popo huichavusha, na ndizi zake zimejaa kokwa nyeusi, ngumu kama changarawe. Hata ukiwa na njaa utaila moja na kuacha. Watu wa huko waliona migomba michache yenye nyama nyingi na kokwa chache, wakachukua machipukizi yake na kuyapanda. Kule Guinea Mpya ushahidi wa kilimo cha migomba unarudi nyuma karibu miaka 7,000.

Katika mchanganyiko wa aina hizo ikatokea migomba yenye urithi wa kupita kiasi. Kila chembe ya mgomba wa mwituni ina nyuzi 22 za urithi, 11 kutoka kwa mama na 11 kutoka kwa baba. Mingi tunayolima ina 33, yaani mafungu matatu. Ili kutengeneza mbegu, mmea lazima ugawe urithi wake nusu kwa nusu. Wewe mfugaji wa Mara jaribu kugawa ng'ombe watatu sawasawa kwa wana wawili bila kuchinja mmoja. Ndivyo mgomba unavyoshindwa.

Basi ukawa mmea wa kupitishwa mkono kwa mkono. Ndizi za kupika za Uganda na Kagera, ambazo wataalamu wengi hukadiria zilifika Afrika Mashariki miaka 1,000 iliyopita au zaidi, zina majina mengi sana kwa kila kabila. Zilipopimwa urithi wake zilionekana ni karibu kitu kimoja, chipukizi la chipukizi. Hapo ndipo penye hatari, maana ugonjwa unaoweza kuuangusha mmoja unaweza kuiangusha na mingine.

Wa kwanza kulazimisha mbegu kwa mpango walikuwa wataalamu wa Trinidad, mwaka 1922, mwaka uleule aliozaliwa Mwalimu Nyerere pale Butiama. Ugonjwa wa Panama ulikuwa unamaliza aina ya Gros Michel, ile ambayo Waganda huiita bogoya. Waliipaka unga wa mgomba wa mwituni kwa mkono, wakapata mbegu chache mno kwa kila mkungu.

Kazi kama hiyo ilifika kwetu miaka ya 1990, kituo cha Kawanda, Uganda. Asubuhi, ua linapofunguka, mtu hupanda ngazi na kupaka unga wa mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, kisha hulifunika kwa mfuko. Mkungu ukikomaa, huivishwa, hupondwa na kuchujwa ili zitafutwe mbegu, na mara nyingi hakuna hata moja. Ikipatikana, kiini chake hutolewa na kuoteshwa maabara, kwa kuwa udongoni nyingi hazioti. Kutokana na kazi hiyo Uganda ilitoa Kabana 6H mwaka 2010. Tanzania, baada ya majaribio katika mashamba yake, ilitoa TARIBAN 1 hadi 4 mwaka 2021. Lengo kubwa lilikuwa mazao mengi na kuhimili madoa meusi ya majani.

Lakini kuna ugonjwa mwingine unaopita kwenye ua lenyewe, nao ni mnyauko bakteria, au unyanjano. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006, kisha ukaingia na Mkoa wa Mara. Maua ya kiume yanapodondoka huacha vidonda vibichi. Nyuki aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa hutua hapo na kuuacha ugonjwa. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani kahawia. Na kumbuka, nyuki huyo hakuiletea ndizi yako faida yoyote.

Kwa hiyo, mara chane ya mwisho ikishatokeza, liondoe ua dume. Usitumie panga. Tafuta kijiti chenye panda, shika shingo ya ua kwa panda hiyo, zungusha mpaka livunjike. Panga hubeba utomvu wa mgomba mmoja hadi mwingine, na likilazimika kutumika kwa kazi nyingine ya shambani, lipitishe motoni mpaka liwe moto usioshikika kabla ya kugusa shina linalofuata. Na jirani akikupa chipukizi, mwombe kwanza akuonyeshe shina lilikotoka.