Walitoka Ng'ambo Moja ya Ruvuma: Kwa Nini wa Dar Walipata na wa Kwale Wakakwama?

Ubishi huu haukosekani mitandaoni, hasa usiku wa wikiendi. Mmoja anaposti kwamba Wanaijeria wakifika Marekani wanakuwa madaktari, mwingine anajibu kwamba Wasomali wa Minnesota ndio wanaoijua biashara, wa tatu anauliza Wabongo huko nje wanakwama wapi. Baada ya hapo ni matusi tu. Kila mtu ana jibu lake mfukoni: hawa wana akili, wale wavivu, wale wengine wanabebana. Ni wachache wanaouliza kila kundi lilifika na nini mkononi, na lilipokelewaje. Mnaijeria aliyeingia kwa digrii yake na Msomali aliyeletwa na ndege ya wakimbizi kutoka Dadaab hawakuanza mbio kwenye mstari mmoja, sasa unawalinganishaje?

Ili ulinganishe kwa haki unahitaji watu wa kabila moja, wenye mikono ya ujuzi ule ule, waliotoka sehemu moja kwenye miaka inayokaribiana, kisha wakahamia nchi mbili tofauti. Watu hao wapo. Na wala huhitaji kwenda Marekani kuwatafuta, anzia Nanganga.

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, ukishapita Nyangao unafika Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapochepuka. Abiria wengi wanapapita wakiwa wamelala. Lakini njia hii ya bonde la Lukuledi ndiyo iliyokuwa mlango wa watu wa bara la kusini kwenda pwani kutafuta kazi, na kushoto kwako ukielekea Masasi ndiko iliko nyanda ya juu ya Wamakonde, upande wa Newala. Ukiendelea kusini unashuka Ruvuma, na ng'ambo ya mto kuna nyanda nyingine ya Wamakonde, ya Mueda, Msumbiji.

Kabla ya kumcheka mtu kwamba ni "wa kuja", kumbuka Masasi yenyewe ilianzaje. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walikuwa wanawasafirisha watumwa walioachiwa huru Zanzibar wakielekea Nyasa. Wakaishia Masasi, wakapiga kambi, mji ukaanza. Wamakua na Wayao wengi wa pale nao walivuka kutoka kusini karne hiyo hiyo ya 19. Yaani ni mji wa wahamiaji, na shule za misheni zilizofuata zikawatoa walimu, makarani na wauguzi. Hata pale Ndanda, mbele kidogo ya Nanganga, alisoma kijana mmoja ambaye baadaye alikaa Ikulu miaka 10. Jina kapuni, ingawa mnamjua.

Sasa turudi kwa Wamakonde wa Msumbiji, maana ndio wenye stori.

Mreno alikuwa mkoloni wa aina yake. Kodi ilikuwa juu, kazi ya kulazimishwa ilikuwa kawaida, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 kilimo cha pamba kikawa amri kaskazini mwa Msumbiji: unalima usile, unauza kwa bei anayotaka yeye. Watu wakaanza kuvuka mto. Upande wa pili, Tanganyika ya Mwingereza, kulikuwa na mashamba ya mkonge Lindi, kule Kikwetu na kwingineko, yaliyokuwa na njaa ya vibarua. Mshahara ulikuwa wa kuvunja moyo, ila ulikuwa mshahara. Wengine wakaendelea hadi Tanga. Hao ndio manamba, jina lililotokana na namba ambayo kila kibarua alipewa.

Wenyeji waliwaita Wamawia, na hilo halikuwa jina la heshima. Walitambulika kwa nembo zilizochanjwa usoni, na wanawake kwa ndonya kwenye mdomo wa juu. Walipewa kazi ambazo wenyeji wengi walizikwepa, ya kukata mkonge na ya ulinzi wa usiku. Wengi waliazimwa shamba la kulima mihogo. Na hapa kuna kitu mtu wa mjini anaweza asikione: shamba la kuazima hupandi mti. Mhogo unang'oa mwaka unaofuata, lakini mkorosho ukishauotesha umeweka dai la ardhi. Kusini mkorosho ndio benki, ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba. Mgeni asiyeruhusiwa kuotesha mkorosho anabaki kibarua msimu hadi msimu hata akiwa na nguvu kama trekta. Kizuizi hicho hakikuandikwa popote, lakini kilimtofautisha mlowezi na mwenyeji kuliko sura zao.

Kundi jingine likaenda Kenya. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde walifika pwani ya Kenya kufanya kazi kwenye mkonge na kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, huko Kwale. Mkataba ulikuwa wa kibarua kama wa Lindi, na jua lilikuwa lile lile. Ukimweka wa Lindi na wa Ramisi mwaka 1950 kwenye benchi moja, usingemjua nani ana maisha afadhali.

Tofauti ilianza bendera zilipobadilika.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Kisheria uraia wa moja kwa moja ulitaka uwe umezaliwa nchini na walau mzazi mmoja awe amezaliwa nchini, kwa hiyo kwenye karatasi Wamawia wengi walikuwa na mushkeli. Ila Tanzania ya miaka hiyo haikuendeshwa kwa karatasi kiasi hicho. Kitambulisho cha taifa kilikuja kutolewa mwaka 2013! Kabla ya hapo ulikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi, kadi ya chama, na majirani wanaokujua. Mtoto akaenda shule, baba akaingia kijiji cha ujamaa akapata shamba, na baadhi wakaotesha mikorosho hatimaye. Siasa nayo ilisaidia. Frelimo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita dhidi ya Mreno ikaanza 1964, na wapiganaji wakawa na kambi Nachingwea. Wakimbizi waliovuka walipelekwa makazi kama Rutamba, Lindi, wakapewa ardhi walime. Mtu wa Msumbiji aligeuka kutoka Mmawia wa kudharauliwa kuwa ndugu wa mapambano. Dharau haikwisha, tusidanganyane, ila mlango ulikuwa wazi.

Na kupitia mlango huo wakaingia wachongaji. Tangu miaka ya 1950 walishaanza kusogea Dar na mpingo wao. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini pale alinunua kazi zao na kuwatia moyo wachonge vitu vyao wenyewe badala ya masanamu ya kumfurahisha mtalii tu. Ndipo vikatoka vinyago vya mashetani, na ule mnara wa watu waliobebana ambao dunia inauita Ujamaa. Baadaye Mwenge pakawa soko lao. Kuna mmoja, Mmakonde kutoka kusini, alifika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kazi aliyopata ilikuwa ya mlinzi pale Nyumba ya Sanaa. Mabosi wakaja kugundua kwamba mlinzi wao anachonga na kuchora kuliko wengi wanaomzunguka. Kazi zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Uzeeni kisukari kikamchukua miguu, akaendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 2005. Jina kapuni tena, lakini ukiona mashetani yale ya rangi kali yenye masikio makubwa, ni yeye.

Je, walitajirika? Wachache sana. Kinyago kinatoka Mwenge kwa hela ya kula na kinauzwa Ulaya kwa bei ya pikipiki, na anayekula tofauti hiyo si mchongaji. Lakini mchongaji wa Mwenge alikuwa na banda lake, aliweza kufungua akaunti, kukopa, kununua kiwanja Kimara au Mbagala, na mwanawe kufanya mtihani wa darasa la saba bila kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Hicho ndicho kipimo cha kumlinganisha na ndugu yake wa Kwale.

Kenya ni nchi ya kipande. Mkoloni alianza kuwavalisha wanaume wa Kiafrika kipande shingoni tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na serikali huru ikarithi mazoea ya kumuuliza kila mtu kitambulisho. Baada ya uhuru wa 1963 Wamakonde wa Kwale wakajikuta si Wakenya, na Msumbiji nako hakuna daftari lenye majina yao. Watoto wakazaliwa, wakazaa, wajukuu wakaja, wote bila nchi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na hata ule mshahara mdogo ukapotea.

Hebu fikiria maisha ya mvuvi au mchongaji wa Makongeni, Msambweni, kwenye hali hiyo. Huwezi kusajili ardhi, hivyo unajenga ya muda miaka yote. Huwezi kuajiriwa hotelini Diani, hivyo kinyago chako kinauzwa na mtu mwingine mwenye karatasi, kwa bei anayotaka. Mwaka 2007 M-Pesa inaingia, Kenya nzima inahamia kwenye simu, na wewe unasajili laini kwa jina la jirani ukiomba Mungu jirani asikorofishane nawe. Polisi akikukuta barabarani, unatoa kitu kidogo. Mzee mwenye nembo usoni ametambulishwa kwa kila mtu aliyepishana naye tangu akiwa kijana, ila akifika dirishani anaambiwa hatambuliki.

Wakamba waliochonga pwani ile ile, kwa watalii wale wale, walikuwa raia na wakajenga ushirika wao Changamwe, Mombasa. Wakapata oda, karakana na sauti ya pamoja. Mmakonde, ambaye kuchonga ni sifa ya kabila lake dunia nzima, alikuwa anauza kwa mlango wa nyuma. Hapo nadharia ya "kabila fulani wana kipaji cha biashara" inaishia.

Wala hawakuwa peke yao. Washona walifika Kenya kutoka Zimbabwe ya leo miaka ya 1960 wakihubiri injili, wakakaa pembezoni mwa Nairobi, wanaume mafundi seremala, wanawake wakisuka vikapu. Wanyarwanda walichuma chai Kericho. Wapemba walivua Kwale na Kilifi. Washona walikuwa na afadhali kidogo kwa sababu soko la Nairobi lilikuwa mlangoni na ufundi wao unauzika barabarani, lakini dari lao lilikuwa lile lile: fundi asiye na kitambulisho hapati tenda, na hakui kupita pale anapoweza kulipwa taslimu.

Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua dirisha kwa watu wasio na nchi waliokuwepo tangu 12 Desemba 1963, kwa miaka mitano. Miaka ikayeyuka ofisini. Oktoba 2016 Wamakonde wakachoka. Mamia, wakiwemo wazee, wakaanza safari kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Polisi walijaribu kuwazuia, lakini waliishia kupokelewa Ikulu. Rais akawaomba radhi kwa kucheleweshwa na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha. Mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda wakafuata Desemba 2020, Wapemba wakafuata 2023.

Sherehe zilikuwa nzuri, ngoma zikapigwa. Ila kitambulisho hakilipi deni la nyuma. Mtu aliyekipata akiwa na miaka 60 hana mafao wala kiwanja, na hakuna mkopo alioukosa mwaka 1985 utakaorudi.

Na kabla Mbongo hajavimba kichwa kwamba kwetu tulikuwa waungwana, tazama saa. Siku hizi laini ya simu hapa inataka namba ya NIDA na alama za vidole, akaunti inataka NIDA, mkopo wa chuo unataka NIDA. Mlango ule uliokuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeuliza, sasa una mtu anayeuliza, na kwenye wilaya za mpakani swali la mzazi wako alizaliwa wapi si la mchezo. Mjukuu wa Mmawia aliyekata mkonge Kikwetu anaweza kulisikia leo kwa mara ya kwanza kwenye ukoo wao.

Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walikimbilia Ruvuma kama babu zao. Mwaka 2010 nchi hizi mbili zilifungua Daraja la Umoja, kati ya Mtambaswala na Negomano. Miaka 11 baadaye shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kwamba maelfu ya waliovuka walikuwa wanarudishwa Msumbiji kupitia Negomano hiyo hiyo. Wale wa 1965 walifika wakapewa shamba Rutamba. Hawa wa 2021 wengi hawakufika hata Nanganga.