Maleba ya Filamu na Mavazi ya Thika ya Mwaka 1913

Wanafasihi wa Kiswahili wamezoea kutumia neno maleba kwa maana ya mavazi ya waigizaji, wakilitenga na neno mavazi ambalo ni la watu wote na la kila siku. Utengano huo una manufaa, kwa kuwa watujulisha kwamba maleba hayavaliwi kwa sababu ya baridi wala ya stara, bali kwa ajili ya macho ya watazamaji. Iko hata hivyo aina moja ya mchezo inayouvuruga mpaka huo, nayo ni filamu ya kihistoria. Filamu ya namna hii humwambia mtazamaji kwamba maleba anayoyaona ndiyo mavazi yaliyovaliwa hasa na watu wa mahali fulani katika mwaka fulani. Naye mtazamaji, akiwa hana njia ya kuhakikisha, husadiki. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza dai hilo kwa kutazama mahali pamoja, yaani Thika na Ruiru katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuonyesha kwamba msamiati wa nguo, wa Kiswahili na wa Kigikuyu, ni ushahidi unaostahili kuulizwa kabla ya kamera kuwashwa.

Thika imejulikana ng'ambo kwa sababu ya kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959. Humo mwandishi anasimulia utoto wake katika shamba la wazazi wake walowezi. Mwaka 1981 kitabu hicho kilifanywa mchezo wa televisheni nchini Uingereza, wenye sehemu 7, ambamo Hayley Mills aliigiza mama wa mtoto huyo. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, aliulizwa zaidi ya mara moja kama miti hiyo bado ipo. Ruiru, iliyolima kahawa ileile kando ya njia ileile, hakuna aliyeiuliza, maana haijapata filamu.

Thika ya mwaka 1913 ilikuwaje? Reli ndogo kutoka Nairobi ilifika mwaka huohuo. Hoteli ya Blue Posts ilikuwa imefunguliwa tangu 1908 karibu na maporomoko ya Chania. Walowezi walikuwa wakifyeka mapori kwa ajili ya kahawa na mkonge, na vibarua wengi walikuwa Wagikuyu wa jirani. Mbunifu wa maleba anayetaka kuwavika walowezi hao hana shida kubwa: ziko picha za jamaa, yako magazeti ya mitindo, na ziko nguo zenyewe katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Anaweza hata kujua mwanamke wa cheo fulani alivaa kofia ya upana gani mwaka huo. Lakini kwa kibarua anayepita nyuma ya kofia hiyo mbunifu hupewa neno moja tu, nalo ni "wenyeji", na neno moja huzaa vazi moja.

Ushahidi wa mavazi ya Wagikuyu haukosekani. W. S. Routledge na mkewe Katherine waliishi miongoni mwao mwanzoni mwa karne ya 20, wakatoa kitabu chenye picha nyingi mwaka 1910. Tunajua kwamba mwanamke alivaa mũthuru kiunoni, mwengũ mbele, na nguo ya ngoro juu, zote za ngozi zilizolainishwa; na kwamba mwanamume alivaa gĩthiĩ, ngozi iliyofungwa begani. Mwanamke aliyeolewa alinyoa kichwa, ilhali kijana shujaa alifuga nywele na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Katika masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mwanamke alitia hang'ĩ, pete kubwa za shanga. Zipo pia picha za rangi za Joy Adamson, ambaye alianza kazi ya kuchora watu wa Kenya kwa niaba ya serikali ya kikoloni mwaka 1949. Picha hizo ni nzuri mno, na kwa hiyo ni za hatari: zilichorwa zaidi ya miaka 30 baada ya wakati tunaouzungumzia, na kusudi lake lilikuwa kuhifadhi mapambo ya sherehe ambayo yalikuwa yakitoweka. Mbunifu anayezifuata humtoa kibarua kwenda kupalilia kahawa akiwa amevaa nguo za ngoma.

Hapa ndipo lugha inapotufaa. Tuanze na merikani. Kitambaa hiki cha pamba kisichopaushwa kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830, kikapata jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, na viwanda vya Uingereza na Bara Hindi vikashika nafasi. Jina halikubadilika. Basi merikani iliyouzwa katika duka la Mhindi huko bara mwaka 1913 haikuwa lazima iwe imefumwa Marekani, na mwanaisimu hana budi kuwa mwangalifu: neno hudumu, kitu kikageuka. Lakini hata hivyo neno latuambia jambo ambalo picha ya ngozi na shanga haitwambii, kwamba kitambaa cha dukani kilikuwa kimeingia bara kwa njia ya pwani, na kwa midomo ya wasemaji wa Kiswahili, kabla ya mlowezi kupiga hema lake.

Kigikuyu nacho kinashuhudia. Suruali imekuwa thuruarĩ. Blanketi ni mũrengeti. Mavazi ya ngozi, kwa upande mwingine, yalibaki na majina ya kwao yote. Mpaka kati ya makundi hayo mawili ya maneno ndio mpaka wa historia ambao filamu yapaswa kuuonyesha, nao haukupita kati ya kijiji na kijiji. Ulipita ndani ya nyumba moja, hata katika mwili wa mtu mmoja. Mtu aliweza kuvaa gĩthiĩ asubuhi kwake na blanketi jioni shambani. Mpishi alivaa kanzu nyeupe, ambayo ni vazi la pwani lililogeuzwa sare ya jikoni la Mzungu. Askari alivaa kaptura ya kaki, miguu mitupu. Mwanafunzi wa misheni alivaa shati, akachekwa kwa ajili yake. Kuwavika wote hawa ngozi ni kosa, na kuwavika wote shuka safi za rangi moja ni kosa lilelile.

Kuna kifaa kimoja kinachoweza kuwa kipimo kizuri cha filamu za wakati huo, nacho ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita vilichelewesha utekelezaji wake hadi mwaka 1919 na 1920. Tangu hapo kibarua alitembea na karatasi zake katika kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Filamu inayomwonyesha kibarua wa 1913 akiwa na kikasha hicho imekosea, na filamu ya 1925 inayomwonyesha bila hicho imekosea zaidi, maana imeifuta sheria iliyomfunga. Atakayeitazama Out of Africa ya Sydney Pollack (1985), ambayo hadithi yake yafika hadi mwanzo wa miaka ya 1930, na azitazame shingo za watu wa shambani kabla ya kuzitazama fulana na kofia za Meryl Streep. Maleba ya filamu hiyo, kazi ya Milena Canonero, yaliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar, ingawa tuzo ilikwenda kwa Ran ya Kijapani. Haki lazima itendeke: glovu nyeupe anazovishwa Juma, mtumishi wa mezani, ni maleba yaliyofikiriwa vema, kwa sababu humo vazi lenyewe ndilo linalosimulia habari ya anayevisha na anayevishwa. Tungependa mawazo ya namna hiyo yawafikie na wasiokuwa na jina katika hadithi.

Liko pia tatizo ambalo hakuna mshonaji awezaye kulitatua. Hang'ĩ ilihitaji sikio lililovutwa tangu ujana. Katika miaka ya 1980 masikio hayo walikuwa nayo wazee tu, na leo hata hao ni wachache mno. Kijana wa 1913 hawezi kuigizwa kikamilifu na kijana wa sasa, kwani sehemu ya vazi ilikuwa mwili wenyewe.

Mfano ulio mzito kuliko yote watoka Gatundu, jirani ya Ruiru na Thika. Kamau, aliyebatizwa Thogoto mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, alikwenda baadaye Thika kufanya kazi katika kampuni ya uhandisi. Alipokuwa Nairobi alipenda kuvaa mkanda wa shanga uitwao kinyata juu ya nguo za kizungu. Mkanda huo unahusishwa na jina Kenyatta. Yaani jina la rais wa kwanza wa Kenya ladokeza mchanganyiko uleule tunaoutetea. Mtu huyuhuyu, akiwa mwanafunzi mwenye dhiki ya fedha huko London, aliajiriwa kuigiza chifu mdogo katika Sanders of the River (1935), filamu ya Zoltan Korda yenye hadithi ya Nigeria, ambayo Paul Robeson, nyota wake, aliikana baadaye. Miaka 3 baada ya filamu hiyo Kenyatta alijipiga picha kwa ajili ya kitabu chake, Facing Mount Kenya, akiwa na joho la manyoya na mkuki. Maleba ya kwanza alivishwa kwa ujira. Ya pili alijivisha kwa hoja ya kisiasa, na hoja yenyewe ilikuwa na nguvu. Lakini hakuna hata mojawapo linaloonyesha alivyovaa akienda kazini Thika. Wanafunzi wetu huichukua picha ile ya 1938 kuwa picha ya "zamani", na hapo ndipo hasara ilipo: kizazi kilichochagua, kikanunua na kuchanganya nguo zake huonekana kama kizazi kilichongoja kuvikwa.

Watasema wengine kwamba filamu si somo la historia, na kwamba msanii ana ruhusa yake. Ruhusa hiyo hatuipingi. Twauliza tu kwa nini hutumiwa kwa shuka na haitumiwi kwa kofia. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wazee wa kijiji waliohudhuria mazoezi ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwasahihisha waigizaji katika nyimbo na ngoma, kwa kuwa mambo yaliyoigizwa walikuwa wameyaishi. Filamu za Thika hazikuwa na desturi hiyo, na mashahidi wa 1913 hawapo tena.

Waliopo ni wajukuu zao, na maneno. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuka kuwa nyumba mwaka hadi mwaka, na wenye kukumbuka majina ya nguo za kazini, za kanisani na za ngoma wamekwisha zeeka. Kamusi zetu zimeandika merikani na kaniki kwa tafsiri ya neno moja moja, bila kueleza nani alivaa, wapi, na juu ya nini. Kazi ya kuyakusanya majina hayo pamoja na maelezo yake, kutoka Githurai hadi Chania, inaweza kufanywa na wanafunzi wa mwaka wa 3 katika likizo moja, wakiwa na daftari na picha chache za Routledge za kuwaonyesha wazee.