Hesabu za Entebbe, Hesabu za Kikopey

Ukishuka Kikopey, hata hujanyoosha miguu, watu wa nyama choma wameshakuzunguka. "Mko wangapi?" Ukijibu watano, jamaa wa bucha anaangalia mbavu zinazoning'inia, anapitisha kisu, ndipo anapima. Mara nyingi mizani inathibitisha tu kile jicho lake lilishajua. Bili inagawanywa mezani, ugali na kachumbari ndani, bila kalamu. Halafu uliza meza hiyo hiyo kuhusu hesabu za shule. Utasikia, "Aii, hiyo ilinishinda."

Ilishinda wengi kwa namna ya pekee kati ya miaka ya sitini na 1981. Hadithi inaanzia Entebbe, Uganda, 1962. Marekani ilikuwa bado na kiwewe cha Sputnik, satelaiti ambayo Wasovieti walirusha 1957, na wasomi wake walikuwa wanafumua masomo ya hesabu na sayansi. Shirika moja la Massachusetts, Educational Services Incorporated, likawakutanisha wataalamu wa Marekani na Uingereza na walimu wa Afrika kando ya Ziwa Victoria waandike vitabu vipya. Warsha ziliendelea kwa miaka kadhaa. Watu wakaziita Hesabu za Entebbe.

Mimi niliacha chuo, siongei kama profesa, lakini wazo lenyewe nalipenda: mtoto aelewe kwa nini, asikariri tu. Shida ilikuwa nyumbani. Fikiria mzazi wa Gilgil anayeuza maziwa, anafungua daftari la mtoto na kukuta 1 + 1 = 10, na mwalimu ameweka tiki. Ni sahihi kabisa ukihesabu kwa mbilimbili badala ya kumikumi. Ila nani alimwambia? Mtu anayepiga hesabu kila siku ghafla anaonekana mjinga mbele ya mtoto wake.

Cha kuudhi ni kwamba utafiti ulikuwepo. Mwanasaikolojia Michael Cole alienda Liberia 1964 kwa ajili ya mradi huo huo wa hesabu, akafanya kazi na John Gay, mwalimu aliyekuwa akiishi huko. Kitabu chao kilitoka 1967. Waliwaonyesha watu wazima wa Kpelle, wakulima wa mpunga wasiosoma, bakuli la mchele: humu mna vikombe vingapi? Wakulima walikisia vizuri kuliko Wamarekani waliosoma. Somo lingeweza kuanzia hapo, kwa mchele kule na kwa mbavu za mbuzi huku.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1981, baada ya malalamiko kuhusu New Maths kurundikana, Rais Moi aliamuru iondolewe shuleni, na walimu waliokuwa wamezoea seti wakarudi kwenye hesabu za zamani. Yule mzazi wa maziwa sasa angeweza kusoma daftari. Bado hakuna aliyemuuliza yeye hupigaje zake.